Zanzibar: Upepo wa Kusi na droni ndogo zinazoshindwa kurudi nchi kavu

Kuanzia Aprili hadi Septemba, upepo wa Kusi hushika hatamu katika pwani ya Tanzania na visiwa vyake vya Unguja na Pemba. Ni upepo ule ule ambao kwa karne nyingi ulivirudisha Uarabuni na Bara Hindi vyombo vilivyokuja na Kaskazi, na mabaharia wa visiwani wanazijua tabia zake kama wanavyozijua tabia za watoto wao. Katika miaka ya karibuni upepo huo umepata mgeni asiyeuzoea: droni ndogo ya kamera, inayorushwa na mpigapicha wa harusi, mtalii aliye katika fungate, au kijana anayetengeneza tangazo la hoteli.

Chombo hicho huruka kwa urahisi unaodanganya. Kikiachwa peke yake hewani, hutulia kana kwamba kimetundikwa kwa uzi. Kikielekezwa baharini, hukimbia na kuleta picha safi za majahazi na machweo. Taabu huanza pale mrushaji anapokigeuza kirudi. Skrini huandika kwamba droni iko umbali wa mita 900, kisha mita 890, kisha mita 885, huku asilimia za betri zikishuka haraka kuliko mita hizo. Anayeyatazama hayo kwa mara ya kwanza hudhani chombo kimeharibika. Kumbe chombo ni kizima. Kilichokosewa ni hesabu ya upepo, na ilikosewa kabla droni haijanyanyuka mchangani.

Kwa wasikilizaji wa Rwanda neno droni huleta kwanza picha ya ndege zisizo na rubani zinazoruka kutoka Muhanga tangu mwaka 2016, na baadaye kutoka Kayonza, zikipeleka damu na dawa hospitalini. Ndege zile zina mabawa, zina uzito wa takribani kilo 20 na huenda kwa mwendo unaokaribia kilomita 100 kwa saa. Upepo unaomsumbua mtembea kwa miguu ni jambo dogo kwao. Droni ya kamera inayotiwa mfukoni ni kiumbe kingine kabisa. Zilizo maarufu zaidi, kama zile za jamii ya DJI Mini, zina uzito wa gramu 249. Watengenezaji hawakuufikia uzito huo kwa bahati: nchi nyingi zimeweka mpaka wa sheria kwenye gramu 250, na kuwa chini yake kidogo ni biashara nzuri. Lakini upepo hausomi sheria, na gramu 249 mbele ya Kusi ni karatasi yenye injini.

Jinsi droni inavyosimama hewani

Droni ya kawaida ina rafadha nne, yaani yale mapanga madogo yanayozunguka na kusukuma hewa chini. Pasipo upepo, nguvu yote ya rafadha hutumika kubeba uzito wa chombo. Upepo ukija, vihisi vya ndani na mfumo wa setilaiti wa GPS hugundua kwamba chombo kinasogea, na kompyuta yake hukiinamisha kuelekea unakotoka upepo. Kikiisha kuinama, sehemu ya nguvu ya rafadha hukibeba na sehemu nyingine hupambana na upepo. Kwa anayetazama kutoka chini, droni imesimama tuli. Kwa kweli inakimbia: ikiwa upepo ni wa mita 8 kwa sekunde, droni iliyotulia hapo juu inaruka mita 8 kwa sekunde bila kufika popote.

Kuinama huko kuna kikomo. Chombo kikiisha kufikia pembe yake ya mwisho na upepo ukazidi kuongezeka, hakina pa kwenda ila kurudi nyuma polepole kikiwa kimeelekeza pua mbele. Tena nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake. Kasi ikiongezeka maradufu, msukumo wake huwa mara nne. Ndiyo sababu mtu aliyerusha jana kwa salama katika upepo wa mita 5 kwa sekunde hana haki ya kusema kwamba leo, katika upepo wa mita 10, kazi itakuwa mara mbili tu ya jana.

Hesabu ya kwenda na kurudi

Mabaharia wa Kiswahili wana maneno mawili yanayofaa hapa. Upepo unaomsukuma nahodha kutoka nyuma huitwa upepo wa tezi, na ule unaomjia usoni huitwa upepo wa omo. Mrushaji wa droni angefaa kuyaazima yote mawili, kwa sababu maisha ya chombo chake hutegemea ni upi anaokutana nao mwanzoni na ni upi mwishoni.

Chukulia droni yenye uwezo wa kukata hewa kwa mita 10 kwa sekunde, ambao ndio mwendo wa kawaida wa nyingi kati ya hizi ndogo. Chukulia pia upepo wa mita 8 kwa sekunde unaotoka nchi kavu kuelekea baharini. Droni ikielekea baharini, upepo wa tezi huiongezea mwendo, nayo huenda mita 18 kila sekunde. Katika dakika moja tu imefika mita 1,080. Mrushaji hufurahi. Ikigeuzwa kurudi, mita 8 kati ya zile 10 huliwa na upepo, na zinazobaki ni mita 2 kwa sekunde. Njia iliyochukua dakika moja sasa inahitaji dakika tisa, zote zikiwa za kupambana, betri ikitoa nguvu nyingi kwa mfululizo. Upepo ukipanda kidogo tu njiani na kufika mita 10, dakika tisa hizo huwa hazina mwisho: droni inasimama mahali pamoja hadi betri iishe.

Droni nyingi zina hali ya mwendo kasi, ile inayoonyeshwa kwa herufi S kwenye rimoti au kwenye programu ya simu. Katika DJI Mini 2, kwa mfano, hali hiyo huruhusu hadi mita 16 kwa sekunde. Kwa upepo ule ule wa mita 8, kurudi kungechukua dakika mbili na robo badala ya tisa. Hiyo ni akiba kubwa, na ndiyo sababu wenye uzoefu huitunza kwa ajili ya kurudi. Wanaoitumia kwenda huwa wameitumia akiba kabla ya shida.

Hapa lafaa neno moja juu ya kuuvuka upepo kwa kupinda, maana wapo wanaodhani droni inaweza kufanya kama jahazi. Nahodha akikabiliwa na upepo wa omo hubisha: huenda huku kwa pembe, kisha kule, akiusogelea mwisho wa safari kwa mshazari. Anafanya hivyo kwa kuwa tanga lake hula upepo huo huo. Bila upepo hana mwendo. Droni haina tanga. Kwake upepo ni hasara tupu, na njia fupi ya kurudi ni mstari ulionyooka. Kila mshazari ni betri inayopotea bure.

Ufukwe wa magharibi na mtego wa machweo

Jiografia ya Unguja huifanya hesabu hiyo kuwa jambo la kila siku. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki. Kaskazi, inayotawala tangu Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini-mashariki. Kwa hiyo pepo zote mbili za msimu huifikia Paje, Jambiani na Matemwe kutoka upande wa bahari, na huufikia Mji Mkongwe, ulio pwani ya magharibi, baada ya kuvuka kisiwa, zikitoka nchini kwenda baharini.

Matokeo yake ni kinyume cha yale macho yanayoyaona. Paje hutisha: upepo unapiga usoni, mawimbi yana mapovu, na vijana wanaoteleza juu ya maji kwa tiara kubwa wamejaa, kwani pwani hiyo inasifika kwa mchezo huo katika misimu yote miwili. Lakini droni inayorushwa Paje kuelekea baharini huanza na upepo wa omo. Itakwenda kwa taabu, haitafika mbali, na mrushaji akiona betri imepungua, upepo wenyewe utaisaidia kumrudishia. Mji Mkongwe, kwa upande wake, hupendeza. Maji yaliyo karibu na Forodhani huwa tulivu kwa sababu upepo unaotoka nchini haujapata nafasi ya kuyainua mawimbi. Anayesimama pale chini ya kuta huhisi hewa laini shingoni. Akirusha droni kuelekea baharini, upepo wa tezi huichukua, na kadiri inavyokwenda mbali na kivuli cha mji ndivyo upepo unavyozidi kuwa mkali.

Kisha kuna jua. Mwezi wa Juni, katikati ya Kusi, jua la Zanzibar huzama upande wa magharibi ulioegemea kaskazini. Mwezi wa Desemba, Kaskazi inapoanza, huzama upande wa magharibi ulioegemea kusini. Katika misimu yote miwili, basi, mpigapicha anayefuata machweo kutoka Mji Mkongwe huielekeza droni karibu kabisa na upande ule ambao upepo wa msimu unakwenda. Kama mtu angekusudia kubuni mtego wa kupoteza droni, asingebuni ulio bora zaidi. Tena hayo hutokea saa ambayo mwanga unapungua na chombo hakionekani tena kwa macho.

Zipo siku ambazo mambo hugeuka. Upepo wa msimu ukiwa dhaifu, hasa katika kipindi cha maleleji pepo zinapobadilishana, joto la mchana huipasha nchi kavu kuliko bahari na kuvuta upepo kutoka majini kuja pwani. Upepo huo hufa jua linapozama, na usiku wa manane hadi alfajiri hufuatwa na upepo wa kutoka nchini, ambao wavuvi huuita umande na kuutumia kutoka na vyombo vyao. Kwa mrushaji, maana yake ni kwamba upepo uliopimwa saa tisa alasiri si ushahidi wa upepo wa saa kumi na mbili jioni.

Namba iliyo kwenye kijitabu

Kila droni ya maana huandikwa kiwango cha upepo inachoweza kukistahimili. Mavic Mini ya mwaka 2019 ilipewa mita 8 kwa sekunde, daraja la 4. Mini 2 na Mini 3 zilizofuata zilipewa daraja la 5, ambalo kikomo chake ni mita 10.7 kwa sekunde. Madaraja hayo ni ya kipimo cha Beaufort, kilichotungwa mwaka 1805 na Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, ili mabaharia waweze kuuelezea upepo kwa kuutazama tu. Uzuri wake ni kwamba hadi leo hakihitaji chombo. Katika daraja la 3 majani hayatulii na bendera nyepesi hukunjuka. Katika la 4 vumbi na karatasi huinuka, matawi madogo hucheza, na baharini mapovu meupe huwa mengi. Katika la 5 miti midogo yenye majani huyumba yote. Kwa droni isiyofika robo kilo, vumbi likianza kuinuka ni wakati wa kusita, na mti ukianza kuyumba ni wakati wa kuiacha ndani ya mkoba.

Namba za kijitabu huleta mkanganyiko mmoja wa kipuuzi lakini wa gharama. Watengenezaji huandika mita kwa sekunde. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutangaza kilomita kwa saa. Manahodha husema noti. Mtu akisoma kwamba droni yake inastahimili 10.7, kisha akasikia redioni kwamba upepo ni wa kilomita 30, anaweza kudhani amezidiwa mara tatu. Au, mbaya zaidi, akaona kwenye simu namba 12 bila kutazama kipimo na kudhani ni kilomita kumi na mbili za upole. Kanuni ni kuzidisha mita kwa sekunde mara 3.6. Mita 10.7 ni kilomita 38 na ushei kwa saa, na ni karibu noti 21.

Ni namba ya kukumbukwa, kwa kuwa tahadhari za TMA kwa pwani ya Bahari ya Hindi, Unguja na Pemba zikiwemo, mara nyingi hutaja upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Tahadhari hiyo huandikwa kwa ajili ya wavuvi na wasafiri wa boti. Lakini kilomita 40 tayari imevuka kikomo cha karibu kila droni ya mfukoni, na mpigapicha hana sababu ya kudhani kwamba tangazo la wavuvi halimhusu.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo kijitabu hakiyasemi kwa sauti. La kwanza ni kimo. Upepo wa utabiri wa kawaida hupimwa au kukadiriwa mita 10 kutoka ardhini. Karibu na ardhi miti, nyumba na vichaka huupunguza. Juu huwa huru. Mita 100 juu ya ardhi, upepo waweza kuwa mara moja na nusu ya ule unaohisiwa usoni, na pengine zaidi. La pili ni vishindo. Utabiri husema kasi ya wastani, lakini upepo huja kwa pumzi, na pumzi moja yaweza kuwa na nguvu kubwa kuliko wastani huo. Droni huangushwa na kilele cha upepo. Na kuhusu muda wa betri, zile dakika 31 za Mini 2 zilipimwa pasipo upepo, kwa mwendo wa pole. Hakuna mtu wa Zanzibar aliyewahi kuishi katika hali hiyo kwa mwezi mzima wa Julai.

Kuta, mapaa na minazi

Upepo ukikutana na jengo haupotei. Hupanda juu yake, huzunguka pembeni, na nyuma ya jengo huacha hewa inayojikunja na kuviringika, mithili ya maji nyuma ya nguzo ya daraja. Mvurugiko huo huenea mbali kuliko mtu anavyodhani. Huweza kufika umbali wa mara kumi ya kimo cha jengo. Mji Mkongwe, wenye majumba marefu yaliyobanana na vichochoro vinavyopinda, ni kiwanda cha mivurugiko. Kichochoro kinachofuata upande wa upepo huugeuza kuwa mkondo, na kinachokatisha huwa shwari. Anayenyanyua droni kutoka ua lililojificha nyuma ya Ngome Kongwe ataipandisha kwa utulivu hadi usawa wa paa, na hapo upepo kamili utaipiga ubavuni kwa mara moja. Mbaya zaidi, ndani ya vichochoro droni huona setilaiti chache, kwa hiyo hushindwa kujua barabara mahali ilipo hasa pale inapohitaji kujua.

Minazi ina tabia yake. Huonyesha upepo vizuri kuliko mti wowote, lakini makuti yake hucheza kwa upana, na droni iliyo mita mbili kutoka kwenye kuti haiko mita mbili kwa muda mrefu.

Kabla ya kurusha, na wakati wa kurudi

Wataalamu wa ramani walilitatua sehemu kubwa ya tatizo hili zamani. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza mradi mkubwa wa kuchora ramani za Unguja na Pemba kwa droni, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, walikuwa miongoni mwa waliofunzwa kuzirusha. Katika kazi za namna hiyo njia ya kuruka hupangwa mapema kwenye kompyuta, na kanuni inayofundishwa ni kuipanga mistari iukate upepo ubavuni, ili mwendo wa kwenda na wa kurudi ulingane. Mpigapicha wa harusi hana mistari ya kupanga, lakini wazo ni lile lile: upepo huulizwa kwanza, picha baadaye.

Njia nyepesi ya kuuliza ni hii. Droni hupandishwa mita tatu au nne, hulengwa pua upande unaodhaniwa upepo unatoka, kisha mikono huondolewa kwenye rimoti kwa nusu dakika. Chombo kitainama chenyewe upande wa upepo, na kiasi cha kuinama huonyesha ukali wake. Kikiyumba na kujirekebisha mara kwa mara, huo ni upepo wa vishindo. Hatua hiyo hurudiwa mita 30, kisha mita 60. Picha ikianza kupinda, yaani upeo wa bahari ukionekana mshazari kwenye skrini, kamera tayari imeshindwa kufidia mwinamo, na picha zitakazopatikana hazitakuwa na thamani hata chombo kikirudi salama. Baada ya hapo droni huanza safari upande wa joshi, kama mabaharia wanavyouita upande unakotoka upepo, na kuuacha upepo uirudishe. Kama picha inayotakiwa iko upande wa demani, unakokwenda upepo, basi safari iwe fupi na betri ianze kurudi ikiwa bado ni nyingi. Nusu ya betri si woga.

Makosa makubwa hutokea wakati wa kurudi, na moja lao hufanywa na droni yenyewe. Mrushaji akibonyeza kitufe cha kurudi nyumbani, au mawasiliano yakikatika, droni nyingi hupanda kwanza hadi kimo kilichowekwa kabla, kwa mfano mita 100, ndipo zielekee nyumbani. Kimo hicho huwekwa ili kukwepa majengo na miti. Juu ya bahari tupu hakuna cha kukwepa, na kupanda huko huipeleka droni kwenye upepo mkali kuliko ule uliokwisha kuishinda. Kwa hiyo anayeona mita hazipungui hana budi kukatiza safari hiyo ya kujiendesha, kuishusha droni hadi kimo kidogo kilicho salama juu ya mawimbi, kutia hali ya mwendo kasi na kuirudisha mwenyewe kwa mstari ulionyooka. Akumbuke kwamba katika hali ya mwendo kasi vihisi vya kukwepa vizuizi kwa kawaida huzimwa. Akumbuke pia asishuke mno: vihisi vya chini, vinavyosoma ardhi kwa macho, hudanganywa na maji yanayotembea.

Na kama hata hivyo haiji? Hapo nyumbani huacha kuwa lengo. Droni yaweza kupelekwa kwa ubavu hadi fungu la mchanga, gati au ufukwe mwingine wowote, mahali pasipo na watu. Betri ikiisha kabisa, chombo hujishusha chenyewe mahali kilipo, na hakiulizi kama chini kuna mchanga au maji. Nchi kavu, hata iwe mbali kwa mguu, ni bora kuliko bahari. Katika pwani ya mashariki maji yanapokupwa huacha uwanja mpana hadi karibu na mwamba, na chombo kilichotua huko huweza kufuatwa kwa miguu iwapo mtu anaijua saa ya maji kujaa. Kilichookolewa majini kisitiwe umeme. Betri ya lithiamu iliyoingia maji ya chumvi huweza kupata moto na kuwaka saa kadhaa baadaye, ikiwa ndani ya chumba cha hoteli.

Vibali

Tanzania inamtaka mrushaji awe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kibali hicho hushughulikiwa kabla ya safari. Uzito mdogo wa chombo si udhuru. Kwa Mji Mkongwe lipo jambo la ziada: uwanja wa ndege wa kimataifa wa Abeid Amani Karume uko takribani kilomita tano kusini mwa mji, na ndege huonekana zikishuka kwa macho matupu. Droni iliyopeperushwa bila kutii rimoti ni hasara ya mwenyewe ikianguka majini. Ikiingia kwenye njia ya ndege, hasara hiyo si yake tena. Vivyo hivyo uani mwa harusi, ambako wageni mia huketi chini ya chombo chenye mapanga manne na hakuna hata mmoja anayetazama juu.

Nyumbani Rwanda, ambako nako kibali hutakiwa, hesabu hizi zinahusu zaidi ufukwe wa Ziwa Kivu. Mchana wenye jua upepo hupenda kutoka ziwani kuja nchini. Usiku hugeuka na kutoka milimani kwenda ziwani. Anayepiga picha za machweo kutoka Rubavu au Karongi huielekeza droni magharibi, juu ya maji, saa ile ile mgeuko huo unapokaribia. Katika miezi ya mvua, wingu jeusi la radi hutanguliwa na upepo wa ghafla unaoweza kufika kabla ya tone la kwanza. Kisha kuna kimo chenyewe: uso wa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Zanzibar. Rafadha hupata hewa kidogo ya kushika, hulazimika kuzunguka kasi zaidi ili kubeba uzito ule ule, na nguvu inayobaki kwa ajili ya kupambana na upepo hupungua kabla hata upepo haujaanza.